Ukitaka Kuijua Protini, Tazama Inagusana na Nini

Changu aliyekaa wiki mbili kwenye friza si yule uliyemnunua Feri. Ukimtoa na kumwacha ayeyuke, sahani inajaa maji mekundumekundu, na nyama ikiiva inakuwa kama pamba. Watu husema baridi imemharibu. Baridi inasingiziwa. Maji yaliyomo ndani ya nyama yalipoganda yalijipanga kuwa fuwele, fuwele zikakua, ndogo zikamezwa na kubwa, na kubwa zikatoboa seli. Ulipomyeyusha, vilivyokuwa ndani ya seli vikamwagika.

Sasa mchukue samaki aliye hai, umtie kwenye bahari yenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na vipande vya barafu vikielea kila upande. Ndivyo ilivyo ghuba ya McMurdo huko Antaktika. Maji ya bahari yana chumvi, ndiyo maana yanafika baridi hiyo kabla ya kuganda. Lakini damu ya samaki wa kawaida ina chumvi kidogo kuliko bahari, na huganda kwenye nyuzi 0.7 au 0.8 hivi chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo samaki wa McMurdo walitakiwa wawe mawe. Wanaogelea, wanakula, wanazaana.

Miaka ya 1950, Per Scholander na wenzake walikuwa wameona kitu kama hicho kwenye pwani ya Labrador, Kanada. Samaki wa kina kirefu walikuwa na damu iliyopoa kupita kiwango chake cha kuganda, lakini bado ni damu inayotembea. Kule chini hakuna barafu, na maji yaliyopoa namna hiyo yanasubiri tu kitu cha kuyaanzisha. Samaki hao walipoguswa na barafu waliganda papo hapo wakafa. Samaki wa juu, wanaopishana na barafu msimu mzima wa baridi, walikuwa na kinga. Baridi ilikuwa moja kwa wote. Wengine waliweza kuguswa na barafu, wengine hawakuweza.

Aliyemfichua mhusika ni Arthur DeVries, kwa kazi yake ya McMurdo iliyochapishwa mwaka 1969. Kwenye damu ya samaki wale kulikuwa na protini iliyojaa sukari. Ukiusoma mpangilio wa amino asidi zake, yaani vipande vinavyoijenga protini, unachosha: alanini, alanini, thireonini, tena alanini, alanini, thireonini, kama mtu anayevuta tasbihi, na kila thireonini imebebeshwa sukari mbili. Likumbuke hilo jina, thireonini, litarudi mara mbili na mara ya pili halitakuwa kwenye barafu.

Chumvi huzuia kuganda kwa wingi wake: kadiri chembe zinavyoongezeka majini ndivyo kiwango cha kuganda kinavyoshuka. Kwa hesabu hiyo protini hii ni chache mno, isingefua dafu. Na bado nguvu yake inapita makadirio mamia ya mara. Halafu kuna jambo geni zaidi: barafu iliyokwisha kuwepo huyeyuka karibu palepale ilipokuwa ikiyeyuka zamani. Kinachoshuka ni kiwango cha barafu kukua. Yaani kati ya kuyeyuka na kukua panafunguka pengo, na ndani ya pengo hilo fuwele inakaa tu, haiongezeki wala haipungui.

Maelezo yaliyokubalika yalitolewa na Raymond na DeVries mwaka 1977. Fikiria kochi lililodungwa vifungo. Sifongo inakisukuma kitambaa kutoka ndani, lakini penye kifungo hakipandi. Kinapanda katikati ya vifungo tu, kinakuwa mabonge. Protini ndiyo kifungo, uso wa barafu ndio kitambaa. Barafu inasogea kwenye nafasi kati ya protini na protini, inavimba, inajipinda, na kadiri inavyojipinda ndivyo molekuli mpya ya maji inavyokosa pa kushika, kwa kuwa kwenye mpindo majirani wa kuishikilia ni wachache. Ukuaji unasimama. Ukizidisha baridi kupita uwezo wa protini, vifungo vinashindwa na barafu inakua kwa ghafla.

Kinga hii haikuja bure, na hapo ndipo ninapoipendea zaidi. Samaki wa McMurdo wana vipande vya barafu ndani ya miili yao, na mwaka 2014 DeVries na wenzake walionyesha kwamba protini ileile inayozuia barafu isikue inaizuia pia isiyeyuke inavyopaswa, hata bahari inapopata joto kidogo. Samaki anaishi na barafu tumboni asiyoweza kuiondoa.

Mkono wenye matawi mawili

Kujua kwamba protini inashika barafu ni jambo moja. Inashikaje? Hapo ndipo inapoingia biolojia ya miundo, fani ya kutafuta kila atomu ya protini imekaa wapi. Protini ni mkufu wa amino asidi, za aina 20, unaojikunja kupata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Protini nyingi tunazozijua vizuri zinaishi majini na zina desturi moja: sehemu zenye tabia ya mafuta zinafichwa ndani, zinazopenda maji zinatazama nje. Fani ilianza na hizo kwa sababu ni rahisi kuzifanya fuwele, kisha fuwele inapigwa mionzi ya eksirei na ramani ya atomu inasomwa kutokana na mionzi iliyotawanyika. Kendrew na Perutz walipata Nobel mwaka 1962 kwa protini mbili za aina hiyo, zote za kubeba oksijeni.

Protini ya kuzuia barafu iliyochunguzwa kuliko zote ni ya samaki bapa wa Atlantiki ya kaskazini, ndugu wa mbali wa gayogayo wetu. Ina amino asidi 37 tu, zimejisokota kama springi moja iliyonyooka. Upande mmoja wa springi zimejipanga thireonini nne, kila moja ikiwa hatua 11 kutoka kwa mwenzake. Umbali huo, kama nanomita 1.65, unalingana na nafasi zilizopo kati ya molekuli za maji kwenye sura fulani ya fuwele ya barafu. Nani asingefurahi? Ni kama kukuta ufunguo mfukoni mwa mtu na kufuli mlangoni mwake.

Thireonini ina mkono wenye matawi mawili. Tawi moja lina oksijeni na haidrojeni, hili linapenda maji. Tawi la pili lina kaboni na haidrojeni tatu, na tabia yake ni ya mafuta. Kila mtu aliona wazi kwamba tawi la oksijeni ndilo linaloshika barafu, kwani barafu nayo ni maji, na maelezo hayo yakaingia vitabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wakafanya jaribio ambalo kwa kulitazama ni dogo sana. Wakaziondoa thireonini na kuweka serini, ambayo ina tawi la oksijeni lakini haina lile la mafuta. Protini ikapoteza karibu nguvu zake zote. Wakarudia kwa valini, ambayo haina oksijeni pale, ina matawi ya mafuta matupu. Ikaendelea kufanya kazi kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo kinachoshika barafu ni upande unaochukia maji. Hilo lilikaa bila maelezo ya kuridhisha kwa zaidi ya miaka kumi. Shida ilikuwa kwenye njia yenyewe ya kutazama: ndani ya fuwele, protini zimebanana, uso wa moja umegandamizwa kwenye uso wa nyingine, na maji yaliyokuwa kati yao yamefukuzwa. Ulikuwa unamwona mtu bila kumwona aliyekuwa akizungumza naye.

Mwaka 2011 timu ya Peter Davies katika Queen's University, mjini Kingston, Kanada, ilipata bahati. Protini ya bakteria mmoja wa Antaktika ilifanya fuwele ambamo uso wa kushika barafu ulibaki wazi, na maji yake yakiwa hapohapo. Yalionekana yamejipanga kwa utaratibu kama wa barafu, yakiyazunguka matawi ya mafuta kama tenga, na oksijeni za jirani zikilifunga tenga lile kwenye protini lisiondoke. Matawi yote mawili yana kazi, ila si ile iliyodhaniwa. Tawi la mafuta linayalazimisha maji yajipange, tawi la oksijeni linayatia nanga. Protini inajivika koti la maji yaliyo karibu kuwa barafu, na koti hilo ndilo linaloungana na barafu yenyewe.

Wadudu wamelifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Mdudu wa unga, yule funza anayeingia kwenye nafaka katika nchi za baridi, ana protini iliyojikunja kama ngazi, na kwenye kila kidato kuna thireonini mbili. Umbo lake lilipochapishwa mwaka 2000 lilieleza kwa nini inaweza kufungua pengo la nyuzi 5 hivi, wakati za samaki hucheza kwenye nyuzi moja: uso ni bapa, mpana, na thireonini zimepangwa kwa mistari miwili.

Upande wa mafuta

Ipo jamii nyingine ya protini iliyoikana ile desturi ya kuficha mafuta ndani, nayo ni kubwa na muhimu kwetu kuliko ya barafu. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 4 au 5. Hakuna kitu chenye chaji kinachoupita kwa hiari. Milango, pampu na masikio ya seli vyote ni protini zilizopenyezwa humo. Karibu robo ya jeni zetu ni za kutengeneza protini hizo, na zaidi ya nusu ya dawa tunazomeza zinakwenda kugusa mojawapo.

Kwa kuwa zinaishi ndani ya mafuta, zimevaa mafuta nje. Ukizitoa kwenye utando na kuzitia majini zinaogopa, zinagandamana, zinakuwa uji usiofaa kitu. Dawa ni ileile ya sufuria ya pilau: sabuni. Molekuli za sabuni zinaizunguka protini, mkia kwenye mafuta, kichwa kwenye maji, na protini inaelea. Lakini sabuni ikiwa kali inaibomoa, ikiwa laini haiitoi. Kuna watu waliotumia miaka ya uzamivu wakitafuta sabuni moja. Umbo la kwanza la protini ya utando kuonekana kwa undani wa atomu, la bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga, lilichapishwa mwaka 1985 na Deisenhofer, Michel na Huber, karibu miaka 30 baada ya protini ya kwanza ya majini. Nobel ikawafikia mwaka 1988.

Mojawapo ya maumbo haya lina undugu na koti la maji la samaki. Kwenye utando wa seli za neva kuna milango ya potasiamu. Inapitisha potasiamu kwa mamilioni kila sekunde na inakataa sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu. Mlango gani unaomruhusu mtu mnene na kumzuia mwembamba? Roderick MacKinnon alilijibu swali hilo mwaka 1998 kwa mlango wa namna hiyo kutoka kwa bakteria. Ioni ya potasiamu ikiwa majini inatembea imezungukwa na molekuli za maji. Haiwezi kuingia mlangoni nazo, lazima izivue, na kuzivua kuna gharama. Ndani ya mlango, oksijeni za protini zimewekwa mahali palepale ambapo oksijeni za maji zingekuwa. Potasiamu inavua maji na kuvaa protini bila kuona tofauti. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii zile oksijeni pande zote. Ikivua maji inabaki uchi, basi inaona heri ibaki nje. Protini ya samaki inayapanga maji yawe kama barafu. Hii yenyewe imejifanya maji.

Hapa kwetu protini ya utando iliyotugusa kuliko nyingine ni moja ambayo wengi hawajawahi kulisikia jina lake: PfCRT. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima uliokuwa mbaya kuliko homa. Kimelea cha malaria anakula hemoglobini ndani ya kifuko chenye asidi, na mabaki yake ni himu, ambayo ni sumu kwake. Anajiokoa kwa kuigeuza himu kuwa fuwele. Klorokwini inaingia kifukoni, asidi inaipa chaji chanya, inanaswa humo, inajazana, na fuwele hazikui tena. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba klorokwini inakaa juu ya uso wa fuwele na kuizuia isikue, yaani kochi na vifungo vilevile, ila safari hii anayekufa ni mwenye fuwele.

PfCRT ni mlango kwenye utando wa kifuko hicho. Mkufu wake una amino asidi 424, na ya 76 kwa kawaida ni laisini, yenye chaji chanya. Kwa vimelea sugu, nafasi hiyo imechukuliwa na thireonini. Ndiyo, yeye huyohuyo. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Tanzania ikafuata mwaka 2001, na nyuma ya maamuzi hayo, pamoja na makaburi ya watoto yaliyoyatangulia, kuna badiliko hili la amino asidi moja likisaidiwa na mengine machache.

Kwa nini badiliko moja lilete yote hayo? Jibu la kuonekana kwa macho lilikuja mwaka 2019 kutoka Columbia University, New York. Protini ni springi kumi zilizosimama ndani ya utando, na katikati yake kuna pango linalofunguka upande wa kifuko. Kuta za pango hilo zina chaji hasi, panapoikaribisha klorokwini. Nafasi ya 76 ipo ukutani mwa pango. Laisini ikiwa pale, chaji yake chanya inaifukuza klorokwini kama sumaku mbili zilizoelekezana upande mmoja. Thireonini haina chaji, basi askari kaondoka getini, na dawa inatolewa nje. Huko Malawi, baada ya dawa kuachwa kwa miaka kadhaa, vimelea wenye laisini walirudi na kuwafunika wale sugu. Bila klorokwini ya kutoa nje, mlango ule uliobadilika ulikuwa hasara kwa mwenye nao.

Barafu isiyo barafu

Umbo la PfCRT halikupatikana kwa fuwele. Lilipatikana kwa hadubini ya elektroni, na hapo barafu inarudi kwa mlango wa nyuma. Elektroni zinahitaji ombwe, na ndani ya ombwe maji yanafuka. Ukiyagandisha kawaida, fuwele za barafu zinaivuruga picha na kuibana protini, maafa yaleyale ya changu wa friza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jacques Dubochet na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, walifanikiwa kuyapoza maji kwa kasi kubwa kuliko uwezo wa molekuli zake kujipanga. Utando mwembamba wa maji yenye protini unatumbukizwa kwenye ethani ya kimiminika, yenye karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, na maji yanakuwa magumu kama kioo kabla hayajapata nafasi ya kuwa barafu. Samaki anaizuia fuwele kwa kuishika. Dubochet aliizuia kwa kuiwahi. Mwaka 2017 alipewa Nobel pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson.

Kuanzia mwaka 2013 hivi, vipokea elektroni vilipoboreshwa, milango iliyokataa kufanya fuwele kwa miongo ilianza kuonekana mmoja baada ya mwingine. Mmoja wa kwanza ni ule unaofunguka ukila pilipili, ambao ndio huohuo unaofunguka ukishika sufuria ya moto. Ndiyo maana ulimi unasema pilipili inaunguza. PfCRT yenyewe ni ndogo mno kwa hadubini hiyo. Watafiti waliibandika kipande cha kingamwili ili ionekane, na badala ya kuiacha kwenye sabuni wakaizungushia kisahani kidogo cha mafuta, mfano wa nyumbani kwake.

Siku hizi programu za akili unde zinakisia umbo la mkufu kwa kusoma mpangilio wa amino asidi tu, na ilipofika mwaka 2024 kazi hiyo nayo ikapewa Nobel. Nazikubali, zimeokoa miaka ya watu. Lakini AlphaFold, mojawapo ya programu hizo, iliyotolewa mwaka 2021 ilichora protini peke yake, bila utando wala maji yake. Kwa protini nyingi hilo si tatizo. Kwa springi ya samaki bapa ungepata springi nzuri, na lile tenga la maji usingeliona.

Yule bakteria wa Antaktika, ambaye fuwele ya protini yake iliyaonyesha maji mwaka 2011, anaitwa Marinomonas primoryensis. Kipande kile kilikuwa ncha tu ya protini ndefu ajabu, zaidi ya nusu ya maikromita, mojawapo ya kubwa zinazojulikana. Haina kazi ya kumkinga na kuganda. Mwisho wake mmoja umetiwa nanga kwenye utando wa nje wa bakteria, katikati kuna vipingili zaidi ya mia moja vinavyofanana, vilivyokazwa na kalsiamu, na mwisho wa pili ndio ule uso wenye koti la maji. Bakteria anahitaji oksijeni, na oksijeni iko juu, chini ya paa la barafu la ziwa, kwenye mwanga, wanapokaa mwani. Basi anaunyoosha mkono na kuning'inia kwenye paa.